Mega za chama zilikuwa zinakwenda wapi?

Mazungumzo ya kesiye wa chama mbele ya mkutano mkuu. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tumefupisha kidogo tu.



Nimeomba dakika chache juu ya simu ya chama, lakini nitaanza na kuomba musamaha. Munakumbuka, mkutano uliopita nilisimama hapa hapa nikasema mega zinakwisha mbio. Tunanunua za mwezi mzima, ikifika siku ya 12 hakuna kitu. Ile simu inakaa na mama sekretere. Nikasema mbele yenu kwamba labda watoto wake wanatazamia video. Mama hakujibu. Tangu siku ile wengine walianza kusema abadilishwe. Leo ninasema wazi: nilimukosea.

Ilikuwaje? Tulimwita kijana mumoja wa hapa anayetengeneza simu sokoni. Alifungua mipangilio, pale simu inapoonyesha kila programu imekula mega ngapi. Mimi nilingojea kuona video. Kumbe WhatsApp, ambayo tunatumia kwa kutuma ripoti, haikuwa ya kwanza. Juu kabisa kulikuwa programu tatu: mchezo wa matunda, programu ya kupamba picha, na tochi. Ndiyo, tochi! Taa inatafuta nini kwenye intaneti? Na ile tochi aliyeiweka ni mimi mwenyewe, usiku mumoja tulipokuwa tunahesabu michango, umeme ukakatika.

Kijana akatueleza. Programu ya bure ina mwenyewe, na mwenyewe anatafuta kula. Basi ndani ya programu yake anaweka vipande vya makampuni mengine, yale ya matangazo. Vipande hivyo ndivyo vinaitwa vifuatiliaji. Vinaandika: simu hii ni ipi, iko wapi, imefunguliwa saa ngapi, mwenyewe amegusa nini. Kisha vinatuma, na vinaleta matangazo, mara nyingine ya video. Mega zinazotumika kutuma na kuleta ni zetu. Kwa hiyo tulikuwa tunalipa ili tuandikwe.

Musifikiri ni hadithi ya kwetu tu. Mwaka 2013, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi ilishitaki mtengenezaji wa tochi moja ya simu iliyokuwa inatumiwa na mamilioni ya watu. Ilikuwa inatuma mahali mtu alipo kwa makampuni ya matangazo. Iliuliza kama unakubali au unakataa, lakini ilianza kutuma hata kabla hujajibu.

Na mwaka 2020, waandishi wa habari walionyesha kwamba Muslim Pro, programu ya saa za swala, ilikuwa inapeleka mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni moja, X-Mode. Kampuni hiyo nayo ilikuwa inauzia wale wanaofanya kazi na jeshi la Marekani. Wenye programu walisema wamekata uhusiano huo. Lakini muone: mtu alitaka kujua tu saa ya kuswali.

Sasa sisi tuliorudi, kuandikwa tunakujua. Kule Nyarugusu na Lugufu tulisimama kwenye mstari, tukasema jina, watu wa nyumbani wangapi, tumetoka kijiji gani. Lakini meza tuliiona, aliyeandika tulimwona, na tulijua ni juu ya posho. Hii ya simu haina meza. Hujui nani ameandika, wala ataliuza wapi jina lako. Sisemi kuna mtu anatutafuta. Ninasema mtu aliyewahi kukimbia usiku anajua kwamba mahali unapolala si habari ya kugawa bure. Na katika ile simu kuna orodha yenu nyote: majina, vijiji, namba.

Tumefanya nini? Moja, tumetoa zile programu tatu. Tochi iko ndani ya simu tayari, tangu ilipotengenezwa. Mbili, tumepita kwenye ruhusa, programu moja moja. Isiyo na sababu ya kujua mahali tulipo au kusoma orodha ya namba, tumeinyima. Tatu, simu za Android zina namba ya matangazo, ambayo makampuni yanakutambua nayo. Kwenye mipangilio ya Google, sehemu ya matangazo, simu nyingi za miaka hii zinakubali uifute. Tumeifuta.

Nne, tumebadilisha kivinjari, yaani ile navigateri ya kufungulia intaneti. Tumeweka Firefox. Tangu 2019 inazuia vifuatiliaji vingi yenyewe, bila kuiambia. Tumeiongezea uBlock Origin, inayozuia matangazo, na hapo ndipo mega zinapona. Anayetaka kitu chepesi kisicho na kazi ya kuongeza, kuna Brave na DuckDuckGo. Facebook ya chama sasa tunaifungua ndani ya kivinjari, programu yake tumeitoa.

Lakini musidanganyike. Kivinjari kinalinda kile kinachopita ndani yake tu; programu nyingine zote ziko nje ya mlango wake. Na lile dirisha la siri, vijana munalolipenda, linaficha tu historia kwa atakayeshika simu yako. Kampuni ya simu haifichwi, na tovuti unazotembelea bado zinaweza kukutambua. Kabla ya kuweka programu mpya, muangalie kwanza kwenye tovuti ya Exodus Privacy, shirika la Ufaransa. Iko kwa kifaransa pia: unaandika jina la programu, inakuonyesha vifuatiliaji vilivyomo na ruhusa inazoomba.

Matokeo ni haya. Mwezi huu mega, kiasi kile kile, zilifika siku ya 27. Wafadhili, hiyo ni pesa yenu na michango yetu, imebaki kwenye kazi ya chama.

Ninaomba mkutano ukubali mambo mawili. Kwanza, kitu kisiwekwe kwenye simu ya chama bila watu wawili wa komite kukubaliana, hata kesiye. Pili, iandikwe katika ripoti ya leo kwamba mama sekretere hakula mega za chama. Nilimusema mbele ya watu, basi nimusafishe mbele ya watu.