Baiskeli na Pikipiki za Kale katika Nyimbo na Sinema



Chombo cha magurudumu mawili kilianza kama mchezo wa wenye nafasi. Mwaka 1817 Karl von Drais wa Mannheim, Ujerumani, alipita barabarani juu ya chombo cha mbao kisicho na pedali, akijisukuma kwa miguu yake mwenyewe. Pedali zilifuata huko Paris katika miaka ya 1860. Kisha likaja lile gurudumu kubwa la mbele, lililomweka mpandaji juu kama aliyepanda farasi. Naye alipoanguka, alitanguliza kichwa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu yaliyokaribiana kimo na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 daktari wa mifugo wa Belfast, John Boyd Dunlop, akasajili mpira wake wa upepo. Baiskeli inayobeba gunia la mahindi kwenda mashine ya kusaga leo hii ni mjukuu wa Rover hiyo. Mwaka uleule wa 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini ya petroli kwenye fremu ya mbao, na ndipo pikipiki, ambayo Kiswahili kimeipa jina linalofuata mlio wake, ilipozaliwa.

Haukupita muda mrefu kabla vyombo hivi havijaingia katika nyimbo. Mwaka 1892 Harry Dacre alitunga wimbo wa Daisy Bell, ambamo kijana asiye na fedha ya gari la farasi anamwahidi mchumba wake baiskeli ya watu wawili. Umaskini wa bwana harusi ukawa jambo la kuchekesha na kupendeza. Wimbo huo ulidumu kuliko walioucheka: mwaka 1961 kompyuta ilifundishwa kuuimba katika maabara za Bell huko Marekani.

Wanawake nao waliona katika baiskeli jambo zito kuliko mapenzi. Susan B. Anthony, mpigania haki za wanawake wa Marekani, alieleza mwaka 1896 kwamba baiskeli ilikuwa imewakomboa wanawake kuliko kitu kingine chochote duniani. Hayo si ya zamani tu. Mwaka 2012 Haifaa al-Mansour alitoa filamu ya Wadjda, kuhusu binti wa Riyadh anayetamani baiskeli ya kijani ambayo jamii inamkataza kuipanda.

Hata hivyo, ikiwa itatajwa kazi moja iliyosema ukweli wote kuhusu baiskeli, basi ni filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Wezi wa Baiskeli. Roma imetoka vitani, kazi hakuna. Antonio Ricci anaitwa kubandika mabango, kwa sharti moja: awe na baiskeli. Yake iko rehani. Mkewe Maria anavua mashuka ya kitandani, mengine yakiwa ya mahari yake, anayapeleka rehani ili kuikomboa. Karani analipanda rafu akiwa na bunda lile, na mtazamaji anaona marundo ya mashuka ya nyumba nyingine yamefika karibu na dari. De Sica hasemi neno. Picha hiyo moja yatosha kama sensa ya umaskini wa mji mzima.

Baiskeli inaibwa siku ya kwanza ya kazi, Antonio akiwa juu ya ngazi anabandika bango la mwigizaji Rita Hayworth. Kuanzia hapo baba na mwanawe Bruno wanaitafuta katika masoko ya Piazza Vittorio na Porta Portese, ambako baiskeli za wizi huuzwa vipande vipande: fremu huku, mipira kule, kengele kwingine. Chapa ya baiskeli yenyewe ni Fides, neno la Kilatini lenye maana ya imani. Mwishoni Antonio, baada ya kukata tamaa, anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine, anakamatwa mbele ya macho ya mtoto wake, na mwenye mali anamsamehe anapomwona yule mtoto analia. Aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, si mwigizaji wa kazi.

Pikipiki ilipewa sura nyingine kabisa. Katika The Wild One ya mwaka 1953, Marlon Brando alipanda Triumph akiwa na koti la ngozi, na wakaguzi wa filamu wa Uingereza wakaizuia hadi mwaka 1967, wakihofia vijana wangeiga. Mwaka 1969 ikatoka Easy Rider, na pikipiki zake za Harley-Davidson zenye uma mrefu wa mbele zikawa nembo ya uhuru wa Marekani. Yafaa kusema jambo lililonyamaziwa kwa miongo mingi: zilitengenezwa na Wamarekani weusi, Cliff Vaughs na fundi Ben Hardy wa Los Angeles. Majina yao hayakuandikwa kwenye filamu. Uhuru ulioonyeshwa ulikuwa wa wapandaji. Mafundi walibaki gereji.

Afrika Mashariki haikuhitaji sinema ili ijue chombo hiki ni cha nani. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, tangu miaka ya 1960 vijana walibeba wasafiri na mizigo yao kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na wito wao wa kutafuta abiria, uliotokana na neno la Kiingereza la mpaka, ukazaa jina bodaboda. Baiskeli zilipopisha pikipiki, jina lilibaki, likavuka hadi Tanzania, ambako mwaka 2010 zilitungwa kanuni za kutoa leseni kwa pikipiki zinazobeba abiria.

Vijana wengi wanaoziendesha hawazimiliki. Hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku, au huzichukua kwa mkataba, wakilipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chao. Pikipiki inapoibwa kabla ya mkataba kwisha, kijana hupoteza kazi yake na yote aliyokwisha kulipa. Na asubuhi inayofuata huonekana akizunguka kwenye magereji, akitazama matangi ya mafuta na namba za injini, kama Antonio pale Porta Portese.