Uzazi Ufundishwe kwa Vitendo

(Mazungumzo kwa walimu wa Namanyere)

Ndugu walimu,

Somo la uzazi wa binadamu si geni shuleni. Hata hivyo, katika madarasa mengi hupitwa mbio. Mwalimu huandika maana za maneno ubaoni, wavulana hucheka, wasichana huinamisha vichwa, na kengele hulia. Mtihani hujibiwa, lakini ujinga hubaki pale pale.

Gharama ya aibu hiyo ni kubwa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Ni kweli kwamba Novemba 2021 Serikali ilimfungulia mlango mwanafunzi aliyejifungua arudi masomoni. Lakini kumwinua aliyetumbukia si sababu ya kuliacha shimo wazi.

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikemea fikra kwamba maarifa ya maana hutoka vitabuni tu. Katika Ufipa vifaa vya somo hili havikosekani.

Kwanza, shamba la mahindi. Kila unywele wa ndevu za hindi huongoza kwenye punje moja. Wanafunzi wayafunike masuke machache kwa mifuko ya karatasi kabla ndevu hazijatokeza, na mengine wayaache wazi. Wakati wa mavuno, gunzi lililofunikwa halitakuwa na punje, kwa kuwa chavua haikulifikia. Maana ya utungisho itakuwa imeonekana kwa macho, wala hapana aliyeona haya.

Pili, udongo wa mfinyanzi. Wavulana na wasichana waumbe pamoja mfuko wa uzazi, mirija na ovari, kisha waipitishe punje ya ulezi katika njia ya yai. Watatambua kwamba yai na mbegu ya kiume hukutana mrijani, na kwamba mtoto hakui ndani ya tumbo la chakula.

Tatu, uzi wa punje za mahindi, kila punje siku moja. Kundi moja litunge punje 28, jingine 24, jingine 35. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Basi kila kundi lihesabu kutoka mwisho. Alama zitaangukia siku mbalimbali. Ikikumbukwa kwamba mbegu ya kiume huweza kuishi hadi siku 5 mwilini mwa mwanamke, na kwamba siku za msichana mdogo hubadilika mwezi hadi mwezi, darasa zima litaelewa jambo moja: anayemwambia msichana kwamba "leo ni salama" anamdanganya.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba somo hili hufundisha uasherati. Hao wasibezwe. Waalikwe shuleni waione kazi ya mikono ya watoto wao, kisha wapime wenyewe.

Ndugu walimu, udongo upo, mahindi yapo, na watoto wanangoja. Kilichobaki ni mwalimu kuishinda haya.