"IMANI YETU": TUNAPOITAMKA TUNAMAANISHA NINI?

(Hotuba fupi kwenye mkutano wa kamati za maendeleo za parokia)



Katika vikao vyetu maneno haya mawili hayakosekani: "imani yetu". Tunayaweka mwanzoni mwa maombi ya fedha na mwishoni mwa taarifa. Leo naomba tuyaangalie upya, maana nimeyaona yakitumika vibaya, nami nilikuwepo.

Katika kikao kimoja cha mradi wa kisima, mama mmoja aliuliza risiti za saruji ziko wapi. Akajibiwa, "Mama, sisi hapa tunakwenda kwa imani yetu." Watu wakapiga makofi, mama akaketi. Mimi pia nilinyamaza. Kisima hakijakamilika hadi leo, na mama yule hachangi tena.

Sasa tulisikilize neno lenyewe. "Imani" asili yake ni Kiarabu, na ndugu zake ni "uaminifu" na "amana", yaani mali uliyokabidhiwa uitunze. Vivyo hivyo "nasadiki", tunayotamka katika Kanuni ya Imani, ina mzizi mmoja na "sadaka", nao ni mzizi wa ukweli. Tena mtaani, mtu "mwenye imani" ni yule anayewahurumia wenzake, hata kama hatujui anasali wapi. Kumbe lugha yetu haikutenganisha kuamini na kutunza, wala kusadiki na kutoa. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, nao unafundisha kwamba imani huonekana kwa matendo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu:

Kwanza, "imani yetu" isiwe jibu kwa anayeuliza hesabu. Aonyeshwe daftari na risiti.

Pili, mapato na matumizi ya kila mradi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kigango, kila baada ya miezi mitatu.

Tatu, tukimwandikia mfadhili kwamba tunaongozwa na imani yetu, tutaje papo hapo tendo moja tulilolifanya kwa sababu ya imani hiyo.

Nanyi wafadhili, msione haya kuuliza. Anayeulizia amana yake hajatudharau.

Mama yule hakupungukiwa imani siku ile. Aliuliza kwa sababu alikuwa nayo, na sisi tuliopiga makofi na kunyamaza tunamdai radhi.