Kura Nyingi, Viti Haba

Profesa Maria Nzomo wa Chuo Kikuu cha Nairobi amechunguza kwa miaka mingi kwa nini wanawake wa Kenya, karibu nusu ya wapiga kura, ni haba bungeni. Mwaka 1992, vyama vingi viliporejea, alikuwa mstari wa mbele kuwahamasisha. Wakachaguliwa sita tu.

Kwa kipimo hicho, kaunti za Embu na Meru zinashangaza. Mwaka 2013 hakuna mwanamke aliyechaguliwa gavana kokote nchini. Mwaka 2022 walishinda saba kati ya 47, wawili kutoka kaunti hizo: Cecily Mbarire wa Embu, kwa tiketi ya chama cha UDA, na Kawira Mwangaza wa Meru, mgombea huru aliyewabwaga Mithika Linturi na Kiraitu Murungi, vigogo hao!

Kukikalia kiti ndiko kulikokuwa kazi. Bunge la kaunti lilipiga kura kumng'oa Mwangaza mara tatu. Seneti ilimnusuru mara mbili. Agosti 2024 ikamtosa. Tuhuma zilikuwa nzito, naye alizikana. Lakini Mbarire, mwenye chama tawala nyuma yake, hajafikishwa Seneti. Wananchi walimpa Mwangaza kura; ndani ya bunge la kaunti hakuwa na chama cha kumkinga. Machi 2025 naibu wake, Isaac Mutuma, aliapishwa kuchukua nafasi yake.