TAARIFA ZA MWANANCHI NI AMANA

Mazungumzo kwa watumishi wa umma na wakazi wa Mbaha, Mwambao wa Ziwa Nyasa



Nimeombwa nizungumze juu ya intaneti na sheria zake. Naomba nianze na vitumbua. Miaka mingi iliyopita, katika mji ambao sitautaja, nilinunua vitumbua vilivyofungwa kwa karatasi ya ofisi. Nilipoikunjua nikakuta orodha ya majina ya watu, vijiji vyao, na maradhi waliyotibiwa. Hapakuwa na kompyuta katika jambo lile. Palikuwa na mtu aliyeuza karatasi chakavu kwa kilo, na mama aliyehitaji kitu cha kufungia bidhaa yake. Kila nisikiapo kwamba faragha ni anasa ya watu wa mijini, huikumbuka karatasi ile.

Mtandao ulipoanza kuenea duniani, ulizuka ubishi juu ya nani autawale. Tarehe 8 Februari 1996, Mmarekani John Perry Barlow, akiwa Davos huko Uswisi, alitoa tamko la kuzitaka serikali zikae mbali na intaneti. Siku ileile Marekani ilitia saini sheria iliyoadhibu maneno yasiyo na adabu mtandaoni. Juni 1997 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikavitengua vifungu vyake vikuu. Ulaya ilikuwa imeuliza swali jingine mwaka 1995: ni nani anayeweka taarifa za mtu, na kwa ruhusa gani? Ubishi wa Marekani ulikuwa juu ya kinywa; wa Ulaya ulikuwa juu ya jalada. Kwa maoni yangu, sisi tuliurithi ule wa kwanza mapema, na huu wa pili tukauchelewesha mno.

Wala si kwamba tulikosa msingi. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Ibara ya 16 inahifadhi maisha binafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake, na inaiagiza Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa sheria kuhusu namna haki hiyo inavyoweza kuingiliwa. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Hata hivyo sheria mahususi ya kulinda taarifa binafsi ilipatikana mwaka 2022. Ni miaka 38.

Katika muda huo hatukukaa bure. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 iliunda Tume ya Mawasiliano. Mwaka 2003 ikatungwa sheria ya TCRA. Mwaka 2010 Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Mwaka 2015 Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Kanuni hizo ziliwataka waandishi wa mtandaoni kulipa shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja ya kila mwaka. Zilizitaka pia nyumba za kutoa huduma ya intaneti kufunga kamera. Mashirika ya haki na ya habari yalizipinga katika Mahakama Kuu, Mtwara, na Mei 2018 yakapata zuio la muda, ambalo liliondolewa mwezi huohuo. Kanuni nyingine zilichukua nafasi yake mwaka 2020.

Kisha zikaja alama za vidole. Kila mwenye laini ya simu alitakiwa kuisajili upya kwa kidole na kitambulisho cha Taifa. Muda uliongezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Wengi wenu mlipanga foleni. Lengo lilikuwa jema, maana utapeli wa simu umewaumiza wengi. Lakini lazima tuseme ukweli kama watumishi: tulichukua vidole vya wananchi kwanza, na sheria ya kuvilinda ikafuata baada ya miaka zaidi ya miwili. Neno la siri likiibwa hubadilishwa, kidole hakibadilishwi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Kwa Zanzibar inahusu mambo ya Muungano tu, na wenzetu wa Unguja na Pemba walizingatie hilo. Ng'ambo ya ziwa letu, Malawi nayo ilipata sheria yake mwaka 2024.

Sheria hii haiyahusu makampuni ya simu peke yake. Inamhusu mtendaji mwenye daftari la wakazi, mwalimu mwenye majina ya watoto, mganga mwenye kadi za kliniki. Taarifa ikusanywe kwa kusudi linalojulikana, isitumike kwa jingine, na isikae kuliko inavyohitajika. Afya ya mtu na alama zake za mwili ni taarifa nyeti zinazodai ulinzi zaidi. Mwananchi ana haki ya kuuliza tunayo nini juu yake na kutaka kosa lisahihishwe. Akiuliza hayo dirishani, asionekane mkorofi.

Zimo nafasi za kuruhusu vyombo vya usalama kuchunguza uhalifu, na ni sawa ziwemo. Tatizo ni pale nafasi hiyo inapogeuzwa mlango wa kupitia kila mtu. Na mawasiliano yanapokatwa, kama intaneti ilivyokatika nchini kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025 kwa siku kadhaa, ni halali ya mwananchi kuuliza ni kifungu gani kilichotumika.

Kwa upande wenu wakazi, bonyezeni *106# mjue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu. Mkikuta msiyoitambua, nendeni kwa kampuni ifungwe. Ujumbe wa kitapeli upelekwe namba 15040. Nakala ya kitambulisho msimwachie wakala bila kujua anaiwekea nini.

Nanyi watumishi, yale makaratasi ya zamani yaliyo kabatini yachomwe kwa utaratibu wa kumbukumbu za Serikali, kwa kibali. Yasiuzwe kwa kilo.

Niko tayari kwa maswali.