KUJIFUNZA PAMOJA KWA CHOMBO KIMOJA
Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Mafia



Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote, na walimu hawakutosha. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba walipofundishwa ualimu huko huko vijijini. Walifundisha watoto, kisha wakakusanyika katika kituo cha kata kusoma masomo yaliyoletwa kwa posta na kusikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam. Mafunzo yalichukua miaka 3. Chuoni walikaa wiki chache tu za mwisho.

Redio haijibu swali, na somo likipita limepita. Iliwabidi wagawane kazi: mmoja aandike, mwingine akumbuke, kisha wote wabishane mpaka maana ipatikane. Wapo waliowabeza walimu hao, na upungufu ulikuwapo kweli. Lakini kujifunza kwa kikundi walikujua.

Leo mwanachuo wa ualimu ana kompyuta na simu. Walimu walio kazini nao hukutana shuleni kwa mpango wa MEWAKA, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka masomo yao mtandaoni. Chombo hiki hujibu na kurudia, na kwa sababu hiyo humwezesha mtu kujifungia peke yake. Mkufunzi ajuaye kazi huwapa wanachuo wanne kompyuta moja. Aliyezoea huruhusiwa kusema tu. Anayegusa vitufe ni yule asiyejua.

Vyama vyetu vina haja ya jambo hilo. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha mfumo wa MUVU wa kutunza kumbukumbu na taarifa za vyama. Pale ambapo kijana mmoja tu ndiye anayeujua, akivuka kwenda Nyamisati chama kimefungwa. Baya zaidi, mkulima wa nazi wa Kirongwe au mvuvi wa Jibondo, mwenye haki ya kukagua daftari la chama chake, huonyeshwa kioo asichoweza kukisoma. Hata zama za vitabu vya karatasi, ubadhirifu ulipenda mahali penye mjuzi mmoja.

Basi kila chama kiteue watu watatu: Katibu, mjumbe wa Bodi, na mwanachama wa kawaida, ikiwezekana mama. Wakae pamoja kila wiki, Katibu aeleze bila kugusa. Na katika Mkutano Mkuu, taarifa ya mapato na matumizi isomwe kutoka kwenye kioo na yule mwanachama wa kawaida, Katibu akiwa ameketi.