Barua ya Rosa, simu ya leo

Msikilizaji, Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Sisi vijana tunaoisoma leo tunakuta mambo ya mtaani kwetu. Zakaria, mlevi wa Ukerewe, anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Siku hizi barua hakuna, ila wazazi wanaopekua simu za mabinti zao tunao tele. Rosa alilelewa kwa vitisho bila mazungumzo; alipokwenda shule, mbali na macho ya baba, hakuwa na ngao. Fimbo ya nyumbani haifiki bwenini. Wazazi, kisomeni kitabu hiki pamoja na watoto wenu, kisha muwasikilize wanasemaje.